Siku Shemeji Alipolala Mbele ya Gari

Shemeji yangu alilala chini mbele ya gari, juu ya changarawe, na suti yake ya kijivu. Akafumba macho.

"Pita sasa. Nipitie juu."

Saa nne asubuhi. Majirani wote nje.

Mimi nimeshika usukani, injini inaunguruma, mguu uko kwenye breki. Sitadanganya: kwa sekunde kama mbili hivi, shetani aliushauri ule mguu.

Ngoja nianze vizuri.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, ndiyo maana mtaani wananiita Mama Sare. Mume wangu alikuwa na miezi mitano kaburini. Saratani ya mifupa. Nilibaki na mama yake mzazi, ninayeishi naye, na lile gari.

Gari jeusi la kifahari, la dizeli, la zamani, viti vya ngozi. Asubuhi unasubiri kwanza kitaa cha njano kizime kwenye dashibodi ndipo uzungushe ufunguo. Linakohoa, linatema moshi, kisha linatulia. Fundi wetu wa dizeli alikuwa akifungua boneti anacheka peke yake. "Mama Sare, injini hii itatuzika sote."

Mume wangu ilimzika kweli.

Mwishoni kila kitu kilimuuma, mpaka shuka. Muuguzi wa kituo cha wagonjwa wasiopona alikuwa anakuja kumchukua na pikapu ya kituo. Kila shimo barabarani, mume wangu analia. Mtu mzima, analia kama mtoto.

Safari ya tatu nikasema, acha pikapu yako hapa, Sista. Nikamlaza kiti cha nyuma, nikaendesha mwenyewe. Lile gari halipiti kwenye mashimo, linaelea. Tulipofika nikageuka kumwangalia.

Amelala. Usingizi wa kweli, mdomo wazi.

Muuguzi aliyekuwa kando yangu akajifuta macho. "Wengine wote tunawabeba kwenye pikapu, Mama Sare. Watu wanauma nguo zao njiani."

Neno hilo liliniganda. Tulizika, watu wakatawanyika, neno likabaki. Nikampigia simu Sista: gari ni lenu.

Sasa huyu shemeji. Tunamwita Mheshimiwa. Hana cheo chochote, ana suti tu. Alikuja nyumbani bila kuitwa, akakaa kwenye kiti cha kaka yake.

"Shemeji, gari nalichukua Jumatatu. Kazini nimeshawaambia."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba nimelirithi. Wewe na gari kama lile wapi na wapi?"

"Nimeshalitoa. Ni la kituo cha wagonjwa."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Gari la heshima vile, uwape maiti watarajiwa?"

"Kaka yako alikuwa mmoja wao."

Kicheko kikakatika. Lakini aibu hana. Wiki nzima simu zikapigwa ukoo mzima. Mara nimechanganyikiwa. Mara nina mwanamume, namhonga gari. Wifi yangu, ambaye hakutia mguu hospitalini hata siku moja, akanitumia ujumbe: "Marehemu anakutazama."

Nikamjibu: "Vizuri. Aone nani anakuja."

Ndipo ikafika asubuhi ile. Muuguzi kaja kuchukua gari, nimemwambia nitampeleka nalo mpaka kituoni. Naingiza gia tu, Mheshimiwa huyo chini. Wifi kalala juu ya boneti, analia bila machozi.

"Gari la ukoo haliondoki hapa!"

Muuguzi akaninong'oneza, "Mama Sare, tuache tu. Pikapu tutaivumilia."

"Kaa hapo hapo, Sista."

Nikazima injini. Nikashuka.

"Amka, shemeji. Unachafua suti."

"Siamki! Kaka yangu alivuja jasho kununua gari hili! Wewe unagawa jasho la mwenzio kama pipi!"

Mkoba wangu ulikuwa begani. Ndani yake kulikuwa na kitu cha kumnyamazisha yule mtu palepale. Na nilikuwa nimeapa sitakitoa.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mama mkwe akatoka na fimbo yake, hatua moja, pumzi, hatua moja. Mimi moyoni nikasema, basi, nimekwisha. Huyu ni mama yao.

Mheshimiwa akapaza sauti bila kufumbua macho. "Mama, mwambie!"

"Nakwambia wewe," mama akasema. "Mwanangu hakununua gari hili. Hata tairi moja hakununua."

Jicho moja likafumbuka.

"Mwaka ule ndugu yako alikuwa ameachishwa kazi. Aliyelinunua ni huyu, mnadani, kwa sare alizoshona kwa mikono yake. Siku linaingia hapa, mwanangu alinipa kadi ya gari nimshikie ili afungue geti. Mnadhani sijui kusoma?"

Kadi hiyo hiyo, yenye jina langu, ndiyo iliyokuwa mkobani mwangu.

Miaka kumi na saba nilijua siri ile ni ya watu wawili. Mume wangu siku zile alikuwa anatembea anatazama ardhi. Ndugu zake walipoliona gari wakapiga kelele, "Kaka, umeukata!" Akaniangalia. Nikatabasamu. Uongo ukazaliwa hapo, baba yeye, mama mimi. Hakuwahi kuwasahihisha. Kila shughuli akisifiwa, mimi napiga makofi.

"Na wewe Mama ulinyamaza miaka yote hiyo?" wifi akauliza, kashashuka kwenye boneti.

"Nilinyamaza kwa ajili ya mwanangu. Mwanangu hayupo. Sinyamazi kwa ajili yenu."

Mheshimiwa akainuka. Mgongo mzima changarawe. Hakuna aliyemkung'uta.

Mama mkwe akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaingia, akaweka fimbo mapajani. "Twende. Nataka nikae pale alipokuwa analala."

Tukaenda. Njia nzima yeye alikuwa anapapasa kile kiti, taratibu, kama anatafuta kitu kilichodondoka.

Kituoni tukapewa fomu. Sehemu ya jina la mtoaji, karani akaniuliza kwa upole, "Tuandike la marehemu? Wengi hufanya hivyo, kwa kumbukumbu."

Tangu niamke ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Hata herufi ya kwanza ya jina lake nilishaiandika.

Nikaikata.

Nikaandika langu. Yote matatu.

Mama mkwe akainama juu ya bega langu, akasoma taratibu. "Kwa herufi kubwa," akasema. "Wasije wakakosea."

Nasikia siku hizi Mheshimiwa anawaambia watu, "Lile gari tulilitoa sisi, kama ukoo." Nimemtumia salamu kwamba nakala za kadi ninazo nyingi, nikimsikia kwa masikio yangu nitazibandika mlangoni kwake.

Mtaniambia nina kiburi. Haya, ninacho. Sikukipata bure.

Mume wangu nilimpenda na ningemshonea ulimwengu mzima sare. Ila sifa zangu nilimvika mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, halafu ndugu zake wakaja kudai nguo.

Dada yangu unayesoma hapa, mpe umpendaye chochote unachotaka. Toa mpaka mikono ichoke. Lakini sema kwanza, mbele za watu, kwa sauti: "Hiki ni changu."

Halafu ndiyo utoe.