Kimberly Aje na Kitambulisho

Chelangat alivaa viatu namba tisa tangu akiwa msichana wa shule, na katika Nakuru nzima hakuwahi kupata duka lenye kiatu cha kike cha namba hiyo. Wenye maduka walimtazama miguu, wakamtazama uso, kisha wakamwelekeza upande wa wanaume. Kwa hiyo miaka yote alivaa viatu vyeusi vya kiume vya kufunga kamba, akavipaka rangi kila Jumapili jioni, na ukimuuliza alikwambia vinafaa kazi.

Kazi yake ilikuwa mizigo ya watu. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye dirisha la Bonde Vifurushi, ofisi ndogo karibu na steji, akipokea maboksi na magunia, akiyabandika karatasi na kuwapigia wenyewe simu waje kuchukua. Hakuwahi kupoteza mzigo, wala kufungua wa mtu. Mkubwa wake, Harun, mtu mpole aliyekaa chumba cha nyuma, aliogopa kuomba ruhusa ya ugonjwa kwa sababu hata yeye mkubwa, Chelangat angemdai karatasi ya daktari.

Karibu kila siku alikuja mtu kuulizia mzigo ambao haukuwahi kutumwa. Hao Chelangat alikuwa na namna yake ya kuwapokea.

"Ulinunua wapi?"

"Kwa Facebook."

"Ulimwona mwenye kuuza?"

"Niliona picha yake."

"Basi rudi kwa hiyo picha ikupatie mzigo."

Watu waliokaa kwenye benchi walicheka, na mwenye hasara akaenda zake ameinamisha kichwa. Chelangat hakuwa na roho mbaya. Aliona tu kwamba mtu mzima anayetuma pesa kwa picha anastahili kuchekwa kidogo, ili siku nyingine akumbuke.

Mwezi wa tatu dada yake, Cheruto, alimpigia simu kutoka Mau Narok. Binti yake anaolewa baada ya Pasaka.

"Na tafadhali," Cheruto alisema, "usikuje na zile viatu zako za askari. Watu wa upande wa bwana harusi watakuwa wanapiga picha."

Chelangat alicheka, lakini usiku hakulala vizuri. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, alijifungia stoo na simu yake na kuanza kutafuta. Siku ya tatu aliviona. Viatu vyekundu, kisigino kifupi, ua dogo la ngozi upande. Chini yake imeandikwa: kuanzia namba tatu hadi kumi. Muuzaji aliitwa Kimberly Collections, na pichani alikuwa msichana mwenye meno meupe na kofia ya jua.

Chelangat alitumia akaunti yake ya Mama Chebet, ambayo watu wa kazini hawakuijua. Aliuliza mara tatu kama kweli namba tisa ipo. "Ipo dear," Kimberly akajibu. "Ni pair moja imebaki dear." Chelangat akatuma pesa.

Siku ya kwanza aliambiwa mzigo umetoka Nairobi. Siku ya pili aliambiwa gari limekwama Sachangwan. Hapo alipaswa kushtuka, kwa maana kutoka Nairobi unafika Nakuru kabla ya Sachangwan, na hilo hata kuku wa mtaa wa Section 58 wanalijua. Lakini mtu akishavipenda viatu, ramani humtoka kichwani. Alijiambia labda dereva alipitiliza.

Wiki ya pili Kimberly alimtumia picha ya risiti. Ilikuwa risiti ya Bonde Vifurushi. "Mzigo umefika dear," aliandika. "Enda kwa office yao hapo steji, uulize mathe wa dirisha. Anaitwa Chelangat. Ako na madharau kidogo lakini atakupea."

Chelangat aliisoma akiwa ameketi dirishani palepale. Aibu ya kusimulia ni kwamba kabla ya kufikiri aligeuka kutazama rafu. Kisha akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaona namba ya risiti ina tarakimu sita. Risiti zake zina saba. Akapiga simu, haikushikwa. Akapiga tena na tena siku hiyo mpaka namba ile akaijua kwa moyo kama anavyojua Baba Yetu, na jioni akakuta Kimberly amemfungia asiweze kumpigia tena.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Alikuwa amewacheka watu miaka kumi na tisa.

Mambo yalizidi kuwa magumu Kimberly alipoendelea kumwelekezea wateja. Alikuja Elphas, mkulima wa viazi kutoka Mau Narok, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, aliyeagiza pampu ya kunyunyizia dawa. Akaja Samsam, anayeuza madera mjini, aliyeagiza chupa sita za chai kwa ajili ya wageni wa Idi. Wote wawili walikuja na risiti ya tarakimu sita na namba ya simu ileile. Na Chelangat akawasemesha kama kawaida yake.

"Mzee, wewe ni mtu wa shamba. Unanunua pampu kwa msichana wa kofia?"

"Aliniita dear," Elphas alisema kwa unyonge. "Na mimi nikaona ni mtu wa heshima."

"Hata mimi aliniita dear," Samsam alisema kutoka kwenye benchi.

"Anaita kila mtu dear," Chelangat alisema kwa uchungu uliowashangaza wote wawili. Akaandika namba zao kwenye karatasi, eti kwa ajili ya ofisi.

Ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Gari la Nairobi lilishusha maboksi ishirini na moja, na Chelangat akaanza kuyaandika moja moja. La kumi na nne lilimfanya aweke kalamu chini. Jina: Kimberly. Simu: ile namba.

Alisoma tarakimu moja moja kwa sauti ya chini. Kisha alilipeleka lile boksi kwenye rafu ya juu kabisa, akajifuta mikono, akaenda kwa Harun.

"Boss, sheria ya kuchukua mzigo inasema nini?"

Harun alimtazama kwa wasiwasi. "Si wewe ndio uliiandika hapo ukutani."

"Nataka kuisikia kutoka kwako."

"Mwenye jina akuje na kitambulisho. Kama hawezi, atume mtu na barua na kopi ya kitambulisho. Siku kumi na nne zikiisha, mzigo unarudi kwa mwenye alituma."

"Asante," Chelangat alisema. "Ndiyo sheria nitafuata. Hakuna kitu kingine."

Alipiga ile namba kwa simu ya ofisi. Mara hii ilishikwa haraka, na sauti iliyosema hallo ilikuwa nzito kama ya mpiga tarumbeta.

"Naomba kuongea na Kimberly."

"Ni mimi naongea kwa niaba yake."

"Mwambie mzigo wake umefika. Aje na kitambulisho."

Saa nane alifika kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na koti la jinzi. Alisema ni mzigo wa dadake. Dadake yuko safarini. Chelangat akamwelekeza ukutani, akamsomea sheria pole pole kama anasomea mtoto, na kijana akaondoka.

Jumatano alirudi na barua. *Mimi Kimberly nimemruhusu ndugu yangu.* Chelangat aliisoma mpaka mwisho.

"Dada yako ana mkono mzuri. Kopi ya kitambulisho iko wapi?"

"Alisahau kuniachia, mathe."

"Akikumbuka utakuja."

Ijumaa alikuja na msichana. Msichana alikuwa amefundishwa vizuri, akasimama dirishani na kusema yeye ndiye Kimberly, kitambulisho kimepotea.

"Pole sana," Chelangat alisema. "Enda polisi wakuandikie karatasi ya kupotelewa. Si mbali, ni hapo tu. Ukitaka nitakupeleka mwenyewe, saa hii sina watu."

Msichana alimtazama kijana. "Hii hukuniambia," alisema, akachukua mkoba wake na kutoka, na kisigino chake kilisikika mpaka nje barabarani.

Kijana alibaki ameshika ukingo wa dirisha. "Mathe, tusaidiane. Nitakununulia soda."

"Mimi sukari nimekatazwa. Lakini nakuonea huruma. Jumatatu ndio siku ya kumi na nne ya huo mzigo kukaa kwetu. Kuja saa nne asubuhi, uje na ukweli. Nikipata ukweli wenyewe, hata kama haufanani na barua, naweza kuongea na mkubwa."

Hapo Chelangat alidanganya kidogo, kwa kuwa Jumatatu ingekuwa siku ya nane tu. Uongo mwingine hakusema, na huo mmoja haukumnyima usingizi.

Jumatatu saa tatu unusu, Elphas na Samsam walikuwa kwenye benchi. Chelangat alikuwa amewaita kwa simu bila kuwaeleza sababu, ila tu wakae, wanyamaze. Elphas alikuwa amekuja na magunia mawili ya viazi ya kutuma kwa mwanawe Nairobi, akayasimamisha karibu na mlango.

Saa nne kamili kijana aliingia, akayaruka magunia, akaja dirishani.

"Sasa mathe."

"Poa. Mwenye mzigo ni nani?"

Kijana akasogea karibu, akanong'ona.

"Hili sikio langu ni zito," Chelangat alisema. "Ongeza sauti."

"Nasema ni mimi. Mimi ndio Kimberly."

"Kimberly yupi? Tuko na akina Kimberly wengi."

"Kimberly Collections. Ya Facebook. Line ndio imeandikishwa hilo jina, lakini ni mimi naitumia. Jina langu ni Maxwel, hii hapa ID."

Nyuma yake Elphas alisimama taratibu, akavua kofia yake ya sufu.

"Kimberly," alisema. "Habari ya siku nyingi."

Maxwel aligeuka. Akaona mzee mrefu, akaona mama wa dera la bluu anayemtazama bila kupepesa, akaona mlango na magunia. Angeweza kuruka. Aliwaza hivyo, ilionekana usoni. Lakini mzee alikuwa ameshakaa juu ya gunia moja, na Samsam akapiga kwenye benchi pale palipokuwa wazi.

"Keti hapa dear," alisema.

Akaketi. Harun alichungulia kutoka chumba cha nyuma, akaona, akafunga mlango wake.

Maxwel hakubisha sana. Alisema mwanzoni aliuza viatu vya kweli. Kisha mtu fulani wa Nairobi akamla pesa zote za mzigo wa kwanza mkubwa, akabaki na wateja wanaomsumbua na hana cha kuwapa, akashangaa jinsi wanavyochoka haraka na kunyamaza. "Wengi wanaona aibu," alisema. "Hawarudi kuuliza."

Chelangat alitazama kando.

Elphas alidai chake. Maxwel akatoa simu, akamrudishia palepale. Samsam alidai chake, akarudishiwa, na akataka pia neno la pole, akapewa. Kisha Elphas akasimama na kumwambia Chelangat kwa heshima: "Mama, umetusaidia. Na ulikuwa na haki kutucheka. Mtu mwenye akili kama wewe hawezi kuingia kwa mtego kama huo."

Angeweza kuitikia tu. Hapo ndipo siku ingekwisha vizuri, na jina lake lingekua. Lakini alimwona Maxwel ameanza kuinuka, simu mfukoni, na hasira ikashinda aibu.

"Keti chini," alisema. "Mama Chebet hajalipwa."

"Mama Chebet ni nani?"

"Viatu nyekundu. Namba tisa."

Kisha Samsam akaelewa. Alianza kwa kufunika mdomo na mtandio, mabega yakatetemeka, mwisho akaegemea ukuta na kucheka mpaka machozi yakatoka. "Wewe?" alisema akipata pumzi. "Wewe ulituambia turudi kwa picha." Elphas alijaribu kutocheka kwa sababu ya umri wake, akashindwa. Hata Maxwel alitabasamu, akakumbuka yuko wapi, akaacha.

Chelangat alisubiri. Uso ulikuwa unamwaka. Na walipoendelea kucheka bila kukoma, mdomo wake nao ukaanza kumsaliti, na yeye akacheka pia, kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino.

Maxwel alionyesha simu yake. Haikuwa imebaki kitu. "Niko na hiyo boksi tu," alisema. "Chukua."

"Siwezi kuchukua mzigo wa mteja. Weka sahihi kwanza kwamba umepokea."

Akaweka sahihi. Akapewa boksi. Chelangat akatoka nyuma ya dirisha, akazunguka, akasimama mbele yake kama mtu wa kawaida. "Sasa ni mali yako. Unaweza kumpa unayetaka."

Maxwel akampa. Ndani mlikuwa na raba nyeupe alizojiagizia mwenyewe, soli nene, mpya kabisa. Namba tisa. Samsam alimfungulia kamba za vile viatu vyeusi kwa mikono yake mwenyewe. Zile raba zilimwingia bila kubana popote, na Chelangat akatembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, mara mbili, akisikiliza.

"Hazina sauti," alisema.

Kwenye harusi alicheza mpaka jua likachwa. Cheruto alimvuta kando akamuuliza ni nani huyo aliyemnunulia raba za vijana. "Rafiki yangu mmoja," Chelangat alisema, "anaitwa Kimberly," na hakuongeza neno. Watu wa upande wa bwana harusi walimpiga picha nyingi.

Harun alimwandikia barua ya onyo kwa kuita watu ofisini bila ruhusa na kwa kumdanganya mteja kuhusu siku. Chelangat aliisoma dirishani, akamrekebishia tarehe, akaweka sahihi. Alikuwa bado ameishika wakati mama mmoja kutoka Molo alipofika na risiti kwenye simu, anauliza kuhusu kitanda cha mtoto.

Chelangat alihesabu tarakimu. Sita.

"Kaa hapo kwa benchi, mama," alisema, akamsogezea kalamu. "Uniandikie namba ya huyo aliyekuuzia."