Filamu ya Mama Aliyetoa Viti Nje

Muuza filamu wangu ana meza karibu na mlango wa soko, Katuba, hapa Lubumbashi. Unampa fleshi, unamtajia unachotaka, naye anakujazia kutoka kwenye kompyuta yake. Ukichukua nyingi anakuongezea moja ya matabishi, yaani ya bure, na ya matabishi daima ni ile ambayo hakuna mteja aliyeitaka.

"Kamata hii, vieux," aliniambia. "Haina bunduki, haina mapenzi. Bantu beko banaikala tu. Ni filme ya weye."

Filamu ya watu wanaokaa tu: alinijua vizuri. Nafanya kazi redioni, mchana kutwa nasikiliza watu wanaoongea, na nikirudi nyumbani napenda kuangalia watu wanaonyamaza. Napenda filamu ambamo mtu anafikiri na kamera inamngojea amalize. Filamu za namna hiyo hazina bango wala wasifiaji. Huwezi hata kumsimulia rafiki hadithi yake, maana ukianza kusimulia unagundua kwamba hakuna kilichotokea, ilhali wewe mwenyewe ulitoka pale umebadilika kidogo na hujui wapi.

Hii ya matabishi ilitoka nchi ya baridi ambayo sikuitambua, na maneno yake machache yaliandikwa Kifaransa chini ya picha. Mama mmoja, mfua nguo, ana mwana aliyekwenda kufanya kazi mbali. Asubuhi moja anatoa viti vyote vya sebuleni na kuviweka uani. Anakaa chini, sakafuni, muda mrefu. Kisha anaanza kuosha kuta. Majirani wanakuja mmoja mmoja na vyungu vya chakula, wanamshika mkono, wanaondoka. Mwishoni mlango unabishwa. Mama anageuza uso, hasimami, na filamu inakwisha.

Niliiangalia mara nyingi, na kila mara nilielewa jambo lile lile: mwana anarudi. Mama anasafisha nyumba kwa ajili yake, majirani wanampongeza, na anayebisha ni yeye. Hasimami kwa sababu furaha imemlegeza miguu. Nilikuwa na hakika nalo kama ninavyojua njia ya kwenda kazini.

Kwa hiyo nilimchagulia yaya filamu hiyo.

Kwetu yaya ni dada mkubwa, na huyu ni wangu. Mwanawe alikuwa dereva wa malori ya shaba. Alivuka mpaka wa Kasumbalesa mwanzoni mwa mvua, akapiga simu moja kutoka upande wa Zambia kusema foleni imekwisha, kisha kimya. Gari lilipatikana limeegeshwa vizuri, mlango umefungwa. Yeye hakupatikana. Tulikwenda mpakani, tukauliza mawakala wa forodha na wabadilisha fedha, na kila mmoja alimkumbuka kwa sura tofauti. Kiangazi kilipoingia, mjomba wetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alianza kusema kwamba inatosha: tufanye kilio, watu wamlilie, mambo yaishe. Yaya alikataa. Mjomba akaweka siku ya kikao, Jumatatu baada ya kazi, ili lijulikane moja.

Mimi nikafikiri: Jumapili, kabla ya kikao hicho, aone mama mwenzake anayengoja na kupata.

Mtaani kwetu kuna ukumbi wa kuonyeshea mpira, wa mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo. Jumapili hiyo mechi ilikuwa jioni, kwa hiyo mchana alikuwa na mabenchi matupu. Alikubali kunipa saa za kabla ya mechi, bila furaha.

"Bantu bakitoka, nazima," alisema. "Sitaki benchi zangu zivunjwe juu ya filme ya wazungu banaosha ukuta."

Walikuja wengi kuliko nilivyotazamia, hasa wanawake waliotoka kanisani, maana yaya anapendwa. Nilisimama kando ya skrini kutafsiri maandishi kwa Kiswahili. Kazi ilikuwa ndogo, mama yule haongei sana. Yaya alikaa benchi la mbele.

Mwanzo walicheka. Mama alipotoa kiti cha kwanza uani, kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Anahama! Mwenye nyumba amemufukuza!" Alipotoa cha pili wakacheka tena. Alipotoa cha mwisho, akarudi ndani, akavua viatu na kukaa sakafuni, ukumbi ulinyamaza kana kwamba mtu amekata umeme.

"Yoo," mwanamke mmoja akasema polepole. "Ni kilio."

Mimi ni mtoto wa Lubumbashi. Nimeona nyumba ngapi zikitolewa viti siku ya msiba, wanawake wakikaa chini ndani, wanaume wakiwa nje chini ya bashi, lile turubai la msiba? Nimesaidia kuvibeba viti hivyo. Na bado, kwa sababu mama yule ni mzungu na nje ya dirisha lake kuna theluji, sikuwahi kuona nilichokuwa nakiona.

"Hapana," nilisema kwa sauti, "anasafisha. Mutoto yake anakuya."

"Nani amesema anakuya? Yeye amesema?"

Niliangalia maandishi. Hakuna aliyesema.

Jirani wa kwanza akaingia na chungu. "Unaona?" akasema yule mwanamke. "Bantu banakuleteaka chakula bure siku gani?" Na jirani akamshika mama mkono kwa mikono miwili, kama tunavyofanya sisi, na sikujua tena kama ilikuwa pongezi.

Ndipo likatokea jambo ambalo hadi leo sijui niliite nini. Mwanamke mmoja mzee alishuka kwenye benchi akakaa sakafuni, kwenye vumbi. Mwenzake akamfuata. Wakavua viatu. Baada ya muda wanawake karibu wote walikuwa chini, wakimsindikiza mama wa filamu, na kijana aliyepiga kelele alikuwa ametoka nje kusimama na wanaume, wakichungulia mlangoni. Sijawahi kuona filamu ikiheshimiwa namna ile. Mwenye ukumbi mwenyewe alivua kofia.

Juu ya benchi alibaki yaya peke yake, mgongo umenyooka.

Mlango wa filamu ulipobishwa, hakukuwa na maandishi ya kutafsiri.

Mazoea ya kazi hayaachi mtu, nikasimama mlangoni kuwauliza waliotoka. Bibi wa kwanza kushuka chini alisema wanaobisha wamemleta maiti. Mwingine alisema hapana, ni askari na barua. Kijana alisema ni mwenye nyumba, anataka kodi yake, na alipigwa kofi la begani na mama yake. Mwenye ukumbi aliniuliza kama muuza filamu ana nyingine kama hiyo.

"Ulisema watatoka," nilimkumbusha.

"Miye najua?" alisema. "Bamelia bila kulia. Sijawahi kuona."

Nilipaswa kufurahi. Filamu iliyotupwa kama matabishi ilikuwa imepata watazamaji ambao watengenezaji wake hawakuwaota. Lakini walikuwa wameangalia filamu yangu au nyingine? Na kama wao walikuwa sahihi, nilikuwa nimemfanyia nini yaya?

Tulitembea kurudi kwake. Nilimwomba radhi, akaniambia nisimchokoze. Nikamuuliza yeye ameona nini.

"Weye unasema anakuya," alijibu. "Bale banasema alikufa. Yule mama hakusema kitu."

"Basi unafikiri nini?"

"Nafikiri hakujua. Njo maana anaosha ukuta. Utafanya nini ingine?"

Nikasimama katikati ya barabara, baiskeli ikanipigia kengele. Katika mara zote nilizoiangalia, wazo hilo halikunipitia.

Jumatatu mjomba alifika na wazee wawili wa ukoo. Aliongea kwa upole, kwa sababu si mtu mbaya. Alisema kijana anastahili kuliliwa, na kwamba watu wanauliza na yeye hana la kuwajibu. Yaya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tonton, sitatoa viti," alisema. "Na sitasema iko muzima."

"Sasa bantu tubatangazie nini?"

"Mubatangazie: mama yake hajue."

Mjomba alinigeukia. "Weye muntu wa radio. Hiyo inatangazwaka namna gani?"

Mimi ndiye ninayesoma matangazo ya vifo kila asubuhi, na ya waliopotea pia, nayajua maneno yake kwa moyo. La namna hiyo sikuwa nalo. Mjomba akatikisa kichwa, akasema atarudi mvua zikianza, na wale wazee wakamfuata, mmoja akiwa bado anauliza kwani wamekubaliana nini.

Hawajafika mbali, wanawake wa mtaa wakaanza kuingia uani. Walikuwa wamesikia kwamba kuna kikao, hawakusikia kilivyokwisha. Wengine walikuja na unga, mmoja na mkaa. Walisimama mbele ya mlango wakiangalia ndani, viti vikiwa mahali pake, na hawakujua la kufanya na miili yao.

"Mama," aliuliza wa mbele, "tuikale chini ao kwa kiti?"

"Mwenye anapenda kiti, kiti," yaya alisema. "Mwenye anapenda chini, chini."

Wakaingia. Wengine walikaa chini, wengine kwenye viti, mmoja alikaa kwenye kiti kisha akashuka, kisha akapanda tena. Yaya alichukua unga, akauliza nani amekula tangu asubuhi. Mimi nilisimama mlangoni na viatu mkononi, sikumbuki nilivivua saa ngapi.