Mashine Isiyopiga Kelele

Nilimwambia kaka yangu kwamba mashine ikinyamaza ajue imezima. Nilisema hivyo nikiwa na kikombe cha chai mkononi na miguu juu ya stuli, bila kufikiri hata kidogo, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza na mimi ndiye niliyekuwa fundi. Nimewahi kutamka maneno mengi ya kijinga, mke wangu ni shahidi, lakini hakuna lililofikia hilo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa na kukulia Butimba, ziwa naliona nikikaa barazani kwangu, na sijui kuogelea. Utotoni, wenzangu wakiruka majini kutoka kwenye mawe, mimi nilikuwa mlinzi wa nguo zao. Enzi za kivuko cha Busisi nilivuka nimefumba macho hadi ng'ambo, na daraja lilipofunguliwa nilifurahi kuliko wenye malori. Kazi yangu ni kutengeneza redio, pasi na feni za watu. Kidato cha nne nilipata C ya fizikia, na hiyo C nimeitembeza mtaani miaka yote kana kwamba ni shahada.

Kaka yangu ni mvuvi. Anatega nyavu za sato jioni na kuzitoa asubuhi, kwa mtumbwi mdogo wa mbao. Alikuwa na injini ya petroli, ikaporwa majini na watu wenye mapanga, akarudi kwenye makasia. Halafu akateleza kwenye mawe akivuta mtumbwi nchi kavu, bega la kulia likavunjika na kuunga vibaya. Vidole vya mkono ule vilibaki vizima, ila mkono wenyewe haukupanda tena kupita kifua. Ukipiga makasia kwa mkono mmoja, mtumbwi unazunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake. Ana mke na watoto wanne, na kazi nyingine hajui.

Ndipo akaja barazani kwangu, akakaa juu ya redio ya mtu.

"Mdogo wangu, wewe si unajua umeme?"

Ningesema sijui, yangeishia hapo. Nikasema, "Umeme? Niulize mimi."

Nilikwenda Usagara kwa muuza vyuma chakavu, nikarudi na mota iliyotolewa kwenye bajaji ya umeme iliyokufa. Nikatafuta betri mbili za lori. Fundi wa kuchomelea akanikatia propela ya mapanga matatu kutoka kwenye bamba la chuma. Alitaka kuzipiga msasa kando zake, nikamkataza. Nilitaka ziwe kali ili zikate magugu maji. Fundi akaniangalia, akasema, "Haya, bosi," nami nikaenda zangu nikijiona nimemzidi akili.

Ziwa langu la majaribio lilikuwa pipa uani. Siku ya kwanza nilipowasha, maji yaliruka ukuta mzima mzima yakaenda kulowesha mashuka ya jirani. Jirani huyu ni mama mjane anayekaanga samaki mbele ya nyumba yake, na samaki wenyewe anawachukua kwa kaka yangu. Akachungulia juu ya ukuta.

"Jirani, kuna nini humo kwenye pipa? Umefuga kiboko?"

Mke wangu akanijibia kutoka jikoni. "Anatengeneza meli, mama."

"Meli? Mtu anayekimbia hata manyunyu?"

Wakacheka wawili hao mpaka nikazima mashine ili nao wanyamaze. Hawakunyamaza.

Baada ya majuma kadhaa ilikuwa tayari. Jioni ya kuikabidhi, kaka alikuja kuiangalia. Aliizunguka, akaigonga kwa kidole kama mtu anayenunua tikiti maji, halafu akauliza swali ambalo ni mvuvi tu angeliuliza.

"Injini ya petroli naijua kwa sikio. Hii haina kelele. Nitajuaje kama imewaka au imezima?"

"Utasikia inavuma kidogo, ziii. Ikinyamaza, imezima."

"Basi?"

"Basi, kaka. Ndio uzuri wa umeme."

Na mimi nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri. Feni ngapi zimepita mikononi mwangu? Unalizuia panga la feni kwa kijiti, feni inanyamaza kimya, lakini umeme bado uko ndani unasukuma. Ukiondoa kijiti inaruka. Nimewaonya watoto wangu mara kumi wasiguse feni iliyokwama mpaka waya utoke ukutani. Kaka yangu sikumwonya hata mara moja, kwa kuwa kichwani mwangu feni ni feni na mtumbwi ni mtumbwi, na pia chai ilikuwa inapoa.

Siku nne mashine ile ilifanya kazi vizuri. Asubuhi ya kwanza nilikwenda mwaloni, mitumbwi inakopakulia samaki, nikasimama kwenye jiwe lililo mbali kidogo na maji. Wavuvi walikuwa wamekunja mikono wakingoja kuzama kwake. Kaka akabonyeza swichi niliyoifunga katikati ya mtumbwi, kando ya betri, na mtumbwi ukaondoka bila sauti, yeye amekaa wima kama askofu. Mmoja akapiga kelele, "Oya, nani anakuvuta huko chini?" Kaka aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akanipungia mimi. Siku hiyo alinipa jina, Mhandisi wa Barazani, na kila jioni alituletea sato mmoja wa mboga.

Siku ya tano upepo uligeuka, ukasukuma magugu maji yote ndani ya ghuba. Mimi niliyaona. Nilikuwa nimekaa hapa hapa barazani nikayaona yamefunika maji, kijani mpaka kwenye mawe, nikamwambia mke wangu ziwa leo linafanana na uwanja wa mpira. Nikaendelea kufungua pasi ya mtu.

Mvuvi mwenzake ndiye aliyemrudisha kwa makasia. Mimi nilifika mwaloni nikiwa na kandambili za mke wangu. Kaka alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi, mkono wa kushoto umefungwa kwa shati, na shati halikuwa na rangi yake tena. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia ule mkono kama mtu aliyepewa kitu cha kushika na mtu asiyemjua.

Hospitali walimtoa mabaki ya vidole vitatu na kunyoosha kidole gumba. Kidole cha mwisho kilibaki, hakikunjiki.

Alinisimulia mwenyewe, taratibu, kama anayeogopa kuniumiza. Alikuwa anazifuata nyavu zake. Hakuwa amezifikia. Magugu yalizonga propela, ile ziii ikakata. Alingoja kidogo. Akatega sikio. Kimya. Akainama nyuma, kisu mkono wa kulia, na kwa kuwa mkono wa kulia hauna nguvu ya kuvuta, akaingiza wa kushoto kung'oa mizizi.

"Ilikuwa imenyamaza, mdogo wangu," akasema. "Nikajua imezima."

Muuguzi akapita na toroli. Kaka akaitazama mikono yake juu ya blanketi, mmoja na bandeji, mwingine bila.

"Bega zima liko huku," akasema akionyesha kushoto kwa kidevu, "vidole vizima viko huku. Mhandisi, hivi huwezi kuviunganisha ukanipatia mkono mmoja?"

Alicheka peke yake. Mimi nilitoka nje.

Alipoletwa nyumbani kwake nilifanya ninachokijua, yaani nilikaa. Shemeji, mke wa kaka, hakunilaumu. Ningelipenda anilaumu. Alinikaribisha, akaniletea uji, akaniuliza kama nimelala vizuri, na watoto wanne wakanisalimia shikamoo mmoja baada ya mwingine, nami nikaitikia marahaba nne huku nikiangalia sakafu. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na harufu ya samaki. Nyumba ile haijawahi kukosa harufu hiyo.

Nikarudi barazani nikachukua daftari na kalamu. Nikaanza kuchora kizimba cha nondo cha kuizungushia propela. Nikaongeza taa nyekundu, iwe inawaka muda wote umeme ukiwa ndani, hata mota ikiwa imekwama. Nikaongeza kamba ya kukata umeme, mvuvi aifunge mkononi. Nilipofika hapo kwenye mkono kalamu ikasimama, nikaifuta ile kamba, nikaichora tena kiunoni. Mke wangu alitoka, akatazama daftari, akarudi ndani bila neno. Kwa miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kukosa la kunitania.

Mchana jirani yetu wa samaki alipita akitoka kumjulia hali kaka. Alibeba beseni lake, tupu, kwapani. Hakuwa amewasha jiko siku zote hizo. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Nikamwonyesha mchoro. Nikamweleza kizimba, taa, kamba, kwa nini hii itakuwa salama, na kwamba tatizo la ile ya kwanza lilikuwa dogo tu, la kitaalamu. Nilieleza muda mrefu. Yeye hakuangalia karatasi hata mara moja, alikuwa anaiangalia mikono yangu inavyoonyesha huku na huku. Nilipomaliza akahamisha beseni kwapa la pili, akasema:

"Jirani, wewe una vidole kumi, nimevihesabu. Nyavu za kaka yako leo siku ya tatu ziko majini, samaki wameozea humo, na watoto wake hawajui watakula nini. Weka hiyo kalamu chini, ukazitoe."