Siku nne ziwani bila namba ya Marit

Roland Kangas anachomoa waya uliokuwa ukipasha injini moto, anaukunja mkononi na kupanda basi. Ni saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Hapa Ely, kaskazini mwa Minnesota, kipimajoto kilichopachikwa ukutani kinasoma nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri, na pumzi ya Kangas imeshaanza kuganda kwenye masharubu.

Injini inakohoa mara mbili, kisha inakubali. Anashuka tena, anagonga matairi moja baada ya jingine, anafuta theluji kwenye taa, anakwenda nyuma kufungua mlango wa dharura asikie kama king'ora kinalia. Kinalia.

"Watoto arobaini na mmoja," anasema, akisugua viganja. "Wa kwanza anapanda saa kumi na mbili na nusu. Akikuta humu ndani kuna baridi, nitasimangwa mpaka mwezi wa tano."

Kangas ana miaka arobaini na minne, kumi na mmoja kati ya hiyo nyuma ya usukani wa basi la shule. Hulipwa dola ishirini na sita kwa saa, saa tano kwa siku, siku za shule tu. Kiangazi hutengeneza injini za boti. Mkewe, Darla, ni mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee.

Kituo chake cha nne kiko mbele ya nyumba yake mwenyewe. Binti yake mkubwa, Marit, mwenye miaka kumi na mitatu, anapanda akiwa na mkoba begani na kipande cha mkate mdomoni.

"Habari za asubuhi, Bwana Kangas."

"Njema. Kofia iko wapi?"

"Bwana Kangas, ndani ya basi hakuna baba. Tulikubaliana."

"Basi dereva ndiye anayeuliza. Kofia?"

Marit anaichomoa mfukoni, anaivaa mpaka nyusini. Watoto wa viti vya mbele wanacheka. Kabla hajafunga mlango, Kangas anamtazama na kuuliza kwa sauti ya chini: "Unajisikiaje?"

"Vizuri. Nina njaa tu."

Mlango unafungwa, basi linaondoka. Swali hilo fupi, Kangas alihitaji miaka miwili kujifunza kuliuliza.

Anayetaka kumjua Kangas aombe kuonyeshwa gereji yake. Humo mna taa tano za kuvaa kichwani, jiko dogo linalochoma vijiti huku likichaji simu, mashine ya kuonyesha samaki chini ya maji, saa yenye ramani, na kinu cha mkono cha kusagia kahawa ambacho hata yeye hakumbuki alikinunua kwa nini. Rafu ya vile vilivyokwisha kumchosha, Darla ameipa jina: makaburi.

"Kila mzigo ukifika ananiapia kuwa hicho ndicho cha mwisho," anasema Darla. "Mpaka sasa nimezika vya mwisho kumi na saba."

Mume hakatai. "Baba yangu aliingia maziwani na shoka, kiberiti na sufuria. Mimi naingia na betri. Samaki hawajalalamika."

Kila Agosti, tangu Marit alipoweza kukaa wima, Kangas alikuwa akiipakia familia mtumbwini na kuzama nayo katika yale maziwa ya mpakani ambako hakuna barabara wala motaboti. Ilikuwa huko huko, miaka miwili na nusu iliyopita, ambapo mambo yalibadilika.

Marit, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, alikuwa akinywa maji. Alikunywa asubuhi, mchana, na kila waliposimama kupumzika. Chupa ya mama yake, ya mdogo wake Tess, hata ya baba. Baba akaona ni jambo la kuchekesha.

"Nilimtania," anasema Kangas. Hapa anaacha kutazama anayeongea naye. "Nilimwambia, mwanangu, tubakizie samaki kidogo, utalimaliza ziwa. Tukacheka wote. Naye alicheka."

Siku mbili baada ya kurudi nyumbani, Marit hakuweza kuinuka kitandani. Alipelekwa hospitali Duluth, akalazwa siku nne. Kilikuwa kisukari, kile kinachowapata watoto, ambacho mwili unaacha kutengeneza insulini. Daktari alisema wangechelewa siku moja zaidi, hali ingekuwa nyingine.

Alitoka na sindano, na kihisi, kidude cha duara kilichobandikwa nyuma ya mkono, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Kidude hicho husoma sukari mwilini na kuituma kwenye simu yake kila baada ya dakika tano. Palipo na mtandao, namba huruka kutoka simu ya Marit hadi simu ya yeyote aliyeruhusiwa. Tess, wakati huo ana miaka mitano, alijibandikia kifuniko halisi cha chupa kwa gundi ya karatasi na kwenda nacho shuleni wiki nzima, ili dada yake asiwe peke yake.

Baba naye alifanya anachokijua. Aliiunganisha namba na simu yake, saa yake ya mkononi, skrini moja jikoni na nyingine kando ya kitanda. Sukari ikishuka mno, nyumba nzima ilijaa milio. Kiangazi kilichofuata mtumbwi haukuteremshwa kutoka darini mwa gereji.

"Kule hakuna mtandao," anasema. "Ningemwona vipi?"

Mwezi wa tano mwaka jana, katika wiki moja, alipiga simu ofisi ya shule mara nne kwa ajili ya namba hiyo. Mara nne karani alikwenda kugonga mlango wa darasa. Mara ya nne Marit alikuwa amesimama mbele ya wenzake akieleza habari za mbwamwitu. Jioni ile alikaa sofani, akafungua simu yake, akamfungia baba yake njia. Kwenye saa ya Kangas, mahali pa namba, vikabaki vistari viwili.

"Rudisha," alimwambia.

"Sirudishi."

"Marit, hili si jambo la mchezo."

"Ndiyo, si mchezo. Unaipenda ile namba kuliko mimi, Baba. Nikikuita hugeuki. Namba ikishuka unakimbia kama nyumba inaungua."

Darla alikuwa akimenya viazi. "Nilitaka kumtetea mume wangu," anakumbuka. "Nikamenya kiazi kingine."

Siku tatu baba na binti walisalimiana kwa vichwa. Siku ya nne, mezani, Darla aliweka uma chini.

"Mpeleke ziwani siku nne. Nyie wawili tu."

"Darla, kule hakuna mtandao."

"Najua hakuna mtandao, Rollie. Ndiyo maana."

Marit alikubali kumfungulia baba yake njia tena, kwa sharti moja: huko maziwani, simu ya Marit ingekaa mfukoni mwake mwenyewe. "Ukitaka kujua hali yangu utaniuliza kwa mdomo," alisema. "Kama watu wanavyofanya."

Walikwenda kumwona muuguzi wa kisukari, akawapangia kila kitu: insulini kwenye mfuko wa baridi, vihisi viwili vya akiba, kipimo cha kuchoma kidole, vidonge vya sukari katika kila mfuko. Kangas akaongeza cha kwake, kifaa kipya cha setilaiti chenye kitufe chekundu cha kuitia waokoaji. Hicho peke yake Darla hakukicheka.

Siku ya kwanza ziwani, Kangas alimwuliza binti yake hali mara kumi na tisa. Anajua idadi kwa sababu Marit alikuwa akihesabu.

"Kumi na tisa, Baba."

"Kesho nitapunguza."

"Kesho ni tisa. Ukizidisha, unaosha sufuria."

Aliosha sufuria siku ya pili. Lakini jioni ile, anasema, waliongea mpaka kuni zikaisha: kuhusu mbwamwitu, kuhusu msichana mmoja wa darasani asiyemsalimia tena, kuhusu kama Tess atawahi kujifunza kunyamaza. "Nilikuwa na taarifa zake zote za miezi ishirini," anasema Kangas. "Habari zake sikuwa nazo."

Siku ya tatu, wakipenya vichaka ufukweni, tawi lilikikwangua kidude mkononi mwa Marit, kikaanguka majini. Kihisi kipya kinataka ngozi kavu na muda kabla hakijaanza kusoma, na mvua ilikuwa ikinyesha. Marit alichoma kidole, akakuta sukari iko sawa, akasema cha akiba watakibandika kambini. Baba alitaka kugeuza. Binti alikuwa ameshafunga kamba za mzigo wake.

Mbele yao palikuwa na njia ya msituni inayounganisha ziwa na ziwa, mwendo wa kilomita moja na nusu, mawe na mizizi mitupu. Kangas aliubeba mtumbwi mabegani, umefudikizwa. Abebaye hivyo huona miguu yake tu na hatua mbili za mbele. Marit alimfuata na mzigo mgongoni, akisimulia sinema moja kuanzia mwanzo, bila kuruka kitu.

"Mwanzoni nilikuwa nasikiliza sinema," anasema Kangas. "Halafu nikaona majina yanachanganyika. Aliyekufa kafufuka. Nikasema, Marit, huyo si alizama? Akajibu kitu sikukielewa. Kisha kimya."

Aliuteremsha mtumbwi vibaya, ukagonga mwamba. Alirudi mbio, akimwita.

Marit alikuwa ameketi juu ya gogo, mzigo ameutua, uso mweupe, jasho likichanganyika na mvua. Kipimo kilikuwa juu ya goti. Hamsini na mbili; chini ya sabini ni hatari. Shavu moja lilikuwa limejaa vidonge vya sukari.

"Nimeshajua," alisema, ulimi mzito. "Nimeshakula. Kaa, Baba."

Kangas hakukaa. Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya kile kitufe chekundu.

"Usibonyeze. Mama atazimia. Ni dakika kumi na tano. Kaa."

Akakaa. Marit alimtazama, akaingiza vidole mfukoni, akatoa kidonge kimoja.

"Kula na wewe. Umepauka."

Alikula. Kina ladha ya machungwa ya uongo, anasema. Wakakaa bega kwa bega mvuani, Kangas akiitazama saa yake kuhesabu dakika, na dakika ya saba au ya nane akajikuta anasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Darla.

"Ile Agosti kabla hujalazwa. Ulikuwa unaumwa, nami nikakucheka."

Marit alifikiri kidogo. "Sikumbuki ulinicheka."

"Nilisema utalimaliza ziwa."

"Nakumbuka ulinipa chupa yako kila nilipoomba," alisema. "Yako ilikuwa inaisha, unakwenda kuchota na kuchuja nyingine. Hukuchoka."

Baada ya dakika kumi na tano alichoma kidole tena. Themanini na nane. Wakala mkate na siagi ya karanga. Marit akauliza sinema walikuwa wamefikia wapi, Kangas akamwambia, na wakamalizia njia taratibu, safari hii binti ametangulia na baba anafuata na mzigo. Mtumbwi waliurudia baadaye pamoja.

Jioni mvua ilikata. Kihisi kipya kilianza kusoma. Marit alivua samaki wawili wa kula, Kangas hakupata hata mmoja, licha ya mashine yake. Walitumia kile kifaa cha setilaiti mara moja tu, kumtumia Darla maneno manne ambayo Marit ndiye aliyeyaandika: "Wazima. Baba hajavua kitu."

Waliporudi, Kangas alizipeleka zile skrini mbili makaburini kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye saa alibakiza mlio mmoja, wa hatari ya kweli. Tangu shule ifunguliwe, karani hajapokea simu yake.

Si kwamba amepona, Darla anasisitiza. "Juzi nimemkuta amesimama nje ya mlango wa chumba cha mtoto saa tatu usiku, anasikiliza. Nikamwambia, njoo unywe chai. Akaja. Zamani asingekuja." Na mwezi uliopita mzigo mwingine umefika: sufuria inayokunjwa. Ni ya mwisho.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi hii, watoto arobaini na mmoja wameshashuka. Kangas anapita katikati ya viti akiangalia kama kuna aliyesahaulika au aliyesinzia. Anaokota glovu mbili zisizofanana, anaziweka kwenye kasha lililojaa nyingine.

Kibali cha kuingia maziwani Agosti ijayo ameshakipata. Safari hii ni siku nane, na wanakwenda wote wanne kwa mitumbwi miwili. Njia ameichora Marit, na muuguzi ameipitia. Marit ametaka jambo moja zaidi: akae nyuma ya mtumbwi, kwenye nafasi ya anayeelekeza chombo, baba akae mbele.

Anayekaa mbele hamwoni aliye nyuma. Kangas anaulizwa atafanya nini huko mbele siku nane nzima.

Anazima taa za basi, anavaa kofia yake.

"Nitapiga kasia," anasema. "Akitaka tupinde, ataniambia."