Mguu wa Mchuaji

Kijijini Umwe, ukiteguka mguu, unapelekwa kwa Bi Mwanamina. Atakuchua kwa mafuta ya ufuta, utapiga kelele za aibu, na kesho yake utakwenda shamba. Kwa hiyo yeye mwenyewe alipopasuliwa goti Dar es Salaam, hakuna aliyemhofia. Wateja alimwachia mdogo wake, Maimuna, aliyemfundisha kazi mwenyewe.

Nesi alimwambia atembee kidogo kidogo, na asiache sindano za kuzuia damu kuganda. Sindano alichoma. Kutembea, je? Wageni walijaa kumjulia hali, na mgonjwa akizungukazunguka mbele yao watasema haumwi. Akalala.

Asubuhi moja binti yake, Kudra, alikuta shavu la mguu uliopasuliwa limevimba, limekaza, la moto. Mguu wa pili mzima.

"Niletee mafuta, mwanangu."

"Mama, nesi alisema mguu ukivimba hivi usichuliwe. Twende hospitali ya Utete."

"Nesi wa juzi tu huyo! Mikono hii imeanza kazi hujazaliwa."

 Kudra aliifungia chupa ya mafuta chumbani kwake, akaita bajaji.

Njia nzima mama aliikalia mikono yake. Kudra akadhani anajizuia asijichue, akamwonea huruma.

Utete, daktari alipitisha kipimo mguuni, akakodolea skrini.

"Damu imeganda humu, mama. Donge likikatika likapanda mapafuni, ni hatari. Kuna aliyeuchua?"

"Hapana," Kudra alidakia. "Mafuta nimeyaficha."

Bi Mwanamina alitoa mikono yake chini ya mapaja. Ilinukia ufuta.

"Nimeuchua mwenyewe alfajiri, hujaamka. Na tangu njiani kifua kinanibana."

Daktari aliagiza oksijeni kwa sauti ambayo Kudra hakuipenda hata kidogo. Sindano ikachomwa. Kudra hakujua amkasirikie mama yake au amkumbatie.

"Mpigie Maimuna," mama alisema, pumzi zikikatika.

"Pumzika kwanza, mama."

"Piga! Leo anakwenda kumchua Bwanaheri. Tangu atolewe plasta ya mfupa uliovunjika, mguu wake umevimba kama huu."

Simu iliita, ikaita, hadi Kudra akataka kulia. Ndipo ikapokelewa.

"Ndo kwanza namimina mafuta. Dada hajambo?"

Bi Mwanamina alisogeza barakoa ya oksijeni pembeni.

"Maimuna. Futa mikono, mdogo wangu. Futa mikono, umlete huku."