Rangi ya Kucha kwenye Spoketi

Mama yangu alikuwa amekaa nyuma yangu, mkono mmoja kiunoni kwangu, tulipoanza kuteremka kuelekea kwetu Mbuba. Ilikuwa Jumapili, tunatoka kanisani. Nilisikia mlio kama wa mtu anayevunja kuni, tairi la nyuma likagoma kuzunguka, na pikipiki ikatulaza sote wawili barabarani. Mimi nilichubuka goti. Mama alitanguliza mkono wa kulia.

Mkono ule ulivunjika mahali pawili karibu na kiganja. Hospitali walimfunga plasta, na ilipotolewa vidole viwili vilibaki vimekakamaa. Mama yangu alikuwa msusi wa vikapu tangu usichana wake; watu walitoka mpaka Kabanga kuja kumwagizia vya harusi. Baada ya plasta alijaribu kusuka mara tatu. Mara ya nne aliwaita jirani zake akawagawia nyasi zote alizokuwa amekwisha kuzipaka rangi.

Cheni iliyotuangusha ilikuwa na miezi miwili tu. Niliinunua Nyakanazi, kwenye duka la spea lenye fundi wake, ambaye ndiye mwenye duka. Mume wangu alipofariki na kuniachia pikipiki, nilikuwa najua kuiendesha tu, basi. Nilikuwa nachukua maharage kwetu na kuyapeleka sokoni Kabanga, na safari nyingine nayafikisha Nyakanazi. Siku ile nilimwambia fundi nataka seti nzima: cheni, spoketi ndogo ya mbele na spoketi kubwa ya nyuma, yale magurudumu ya meno yanayopitisha cheni. Alinifungulia boksi jipya, nikaona vitu vinang'aa.

"Nenda kanywe chai pale, mama," aliniambia. "Mambo ya cheni hayataki mwanamke asimame juu ya kichwa cha fundi."

Wenzake walicheka. Nikaenda kunywa chai.

Baada ya kuanguka niliikokota pikipiki mpaka kwa fundi mzee wa Kabanga, Mwislamu mmoja mpole aliyekuwa akiwatengenezea watu tangu enzi za baiskeli. Aliifungua spoketi ya nyuma, akaikwangua kwa msumari. Rangi ya fedha ilibanduka kama ganda la yai. Chini yake palikuwa na kutu.

"Hii ni spoketi yako ileile ya zamani, binti yangu," alisema. "Imepakwa rangi. Tazama meno yake."

Nilitazama. Yalikuwa yamechongoka na kuinama upande mmoja kama ndoana. Alinieleza kwamba cheni mpya ikifungwa kwenye meno ya namna hiyo inatafunwa, inarefuka upesi, na siku moja inaruka na kujikaba kwenye gurudumu. Ndiyo maana vitu vitatu hubadilishwa kwa pamoja.

Sikulia. Nilimwambia, "Mzee, nifundishe yote."

Alinifundisha kila siku ya soko, nikishauza maharage, kwenye seti kuukuu aliyonifungia ili niweze kutembea. Kwanza kuivuta cheni kwa vidole pale nyuma kabisa ya spoketi: ikiachana na meno mpaka ukaona mwanga, imekwisha. Kusoma namba iliyogongwa kwenye kila kiungo na kuilinganisha na ya zamani, wala si kuamini maandishi ya boksi. Kuhesabu meno. Klipu ya kiungo cha kufungia iwe na mdomo unaotazama nyuma, cheni inapokwenda mbele, isije ikafyatuka. Cheni ikining'inia chini icheze kama upana wa vidole viwili. Ikikazwa sana inaua beringi, ikilegea inaruka. Kuisugua kwa brashi na mafuta ya taa, kuikausha kwa kitambaa, kisha kudondosha oili upande wa ndani huku unazungusha tairi kwa mkono, injini imezimwa. Nilishika yote. Kila nilipokuwa nasugua, niliuona uso wa yule mtu wa Nyakanazi.

Mama alinijua. "Mwanangu," aliniambia kwa Kihangaza chetu, "unaitunza hiyo cheni kama mtu anayenoa panga."

Niliendelea kusugua.

Nilirudi Nyakanazi siku duka lilipokuwa limejaa bodaboda, asubuhi malori yakiwa yamepanga foleni. Nilivaa kitenge kipya. Fundi hakunikumbuka hata kidogo, na hilo nalo liliniuma. Niliomba seti nzima. Alipofungua boksi, niliichukua spoketi kubwa nikajifanya naishangaa, na kwa kidole gumba, upande wa ndani usioonekana ikishafungwa, nikaipaka rangi nyekundu ya kucha niliyokuwa nimeificha kiganjani. Nilingoja kidogo ikauke, nikamrudishia.

"Kanywe chai, mama," alisema.

"Asante, baba," nikamjibu. Chai ile niliinywa polepole.

Aliponiita, pikipiki ilikuwa inang'aa. Nikasimama katikati ya vijana wale wa bodaboda nikapaza sauti.

"Jamani, nisaidieni jambo moja. Fungueni tairi langu la nyuma. Spoketi niliyonunua ina alama nyekundu kwa ndani. Ikiwepo, namwomba fundi huyu msamaha kwa magoti."

Fundi alinyoosha mkono. "Mama, njoo tuongee pembeni."

"Hapana. Hapa hapa."

Waliifungua. Hapakuwa na nyekundu. Kijana mmoja aliingia ndani, akavuta droo ya chini ya meza, akatoka na spoketi yangu yenye alama nyekundu ameiinua juu. Mkono wa pili alishika kopo la rangi ya fedha na brashi ambayo bado ilikuwa mbichi.

Kisha mmoja akainama kwenye pikipiki yake mwenyewe na kuanza kukwangua kwa ufunguo. Na mwingine. Nilisikia mtu akisema aletwe nje apigwe. Sitadanganya, kwa pumzi moja nzima nilitaka iwe hivyo. Lakini aliyepigwa hupata watu wa kumhurumia, na mimi sikutaka ahurumiwe.

"Msimguse," nilisema. "Mikono yake naitaka ifanye kazi."

Nikavuta kiti. Pikipiki sita zilikutwa na spoketi zilizopakwa rangi. Alizifungua zote, moja moja, mbele ya watu, akafunga mpya kutoka kwenye rafu zake, jasho linamdondoka puani. Kila alipomaliza nilikagua klipu, nikapima mchezo wa cheni, na pale alipokosea nilimrudisha. "Legeza. Umekaza mno." Alilegeza. Nilikaa mpaka ya sita.

Haikupita muda duka lile likafungwa. Nilimpelekea mama habari ile kama zawadi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake mbovu juu ya paja, kisha akauliza kama yule mtu ana watoto. Nilisema sijui. Akaendelea kuchambua maharage.

Mwaka huu nilimwona stendi ya Kabanga, anapakia mizigo ya watu kwenye basi. Amekonda. Safari hii alinitambua. Aliweka gunia chini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Kwetu salamu hainyimwi mtu, hata adui. Nilimtazama mikono, yote miwili mizima, nikawasha pikipiki yangu na kuondoka bila kuitikia.