Mtoto Aliyeitwa Kashe

Mwalimu Appolinaire Nkusi alipokuwa zamu, shule nzima ilijua bila kuambiwa. Watoto walikuwa wakinyamaza wenyewe anapokata kona ya darasa la nne, na waliochelewa walijipanga mstari langoni, viganja vimenyooshwa kabla hajavidai. Shule yenyewe ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka Base Camp, kitovu cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, majengo matatu ya matofali na moja la maturubai, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa nidhamu.

Alijivunia kazi hiyo kuliko alivyokubali kusema. Kule kwao Kongo, milimani juu ya Uvira, alikuwa amefundisha kwa Kifaransa na watu wakimvulia kofia. Alipofika Uganda mwaka 2002 alijikuta hajui kitu. Kiingereza kilimkwama kooni mbele ya walimu wenzake, hesabu alizozijua vizuri akazieleza vibaya, na watoto wa darasa la tano wakamcheka waziwazi. Fimbo ilimwokoa. Fimbo haikuwa na lugha. Baada ya muhula mmoja hakuna aliyemcheka tena, na wazazi walipokutana naye sokoni walimwambia, "Mwalimu, we njo unatusaidia kukomalisha hawa batoto," yaani kuwalea wakomae. Kwamba wizara ilishakataza kuchapa watoto, hilo lilijulikana, lakini waraka ulikaa kwenye faili na fimbo ikakaa juu ya kabati.

Mwaka 2006, katikati ya muhula wa pili, muhuri wa shule ulipotea.

Kambini muhuri si kitu cha mchezo. Watu wa kule maisha yao yote yamepita chini ya mihuri: kadi ya chakula, kibali cha kutoka, barua ya hospitali. Bwana Rwakabuba, mwalimu mkuu, Mnyankore mwenyeji wa eneo hilo, mwembamba asiyependa kelele, aliwaita walimu wote ofisini asubuhi ya Jumatatu.

"Mimi nataka hiyo muhuri," alisema kwa Kiswahili chake cha kuazima. "Kama mtu anaandika barua ya uongo na anagonga muhuri ya shule, nani anakwenda jela? Ni mimi. Mwalimu Nkusi, wewe ni wa nidhamu. Tafuta."

Nkusi akauliza nani alifagia ofisi Ijumaa. Akaambiwa ni Olga Munezero wa darasa la tano.

Olga alikuwa na miaka kumi na miwili, akiishi na bibi yake, mjane aliyeitwa Nyirabizimana. Alikuwa mtoto wa kimya, mwenye mwandiko mzuri. Nkusi akamsimamisha mbele ya paredi.

"Kashe iko wapi?" Kashe ndilo jina Wakongo wanalouita muhuri.

"Sikuikamata, mwalimu."

"Uliingia mu biro ao hukuingia?"

"Niliingia kufagia. Lakini sikuikamata."

Akampiga fimbo ya kwanza kiganjani. Akamuuliza tena. Jibu likawa lilelile, na kila jibu lilelile likamkasirisha Nkusi zaidi, maana shule nzima ilikuwa ikitazama, na mwalimu mkuu alikuwa mlangoni. Kwenye fimbo ya saba mtoto akashindwa kuvumilia.

"Niliitupa," alisema. "Niliitupa mu choo. Nilitaka kucheza nayo, nikaogopa."

Nkusi akashusha fimbo. Akawageukia watoto akawaambia, "Munaona? Ukweli unatokaka." Alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama mtu aliyemaliza shamba kubwa.

Jumamosi moja, baada ya majuma matatu, mkewe Goretti alikuwa akifua koti lake la kazini. Akahisi kitu kigumu kwenye pindo la chini, ndani ya bitana. Mfuko ulikuwa umetoboka. Akafumua nyuzi kwa wembe na kutoa kitu cha mbao, cheusi kwa wino upande mmoja.

"Baba Pacifique, kuya uone. Hii si ile kashe munatafuta?"

Nkusi akakipokea, na hapo hapo akakumbuka. Ijumaa ile mchana alikuwa amechukua muhuri, bila kumwambia mtu, ili amalizie ripoti za wanafunzi nyumbani kwake. Siku zote hizo aliamini kwamba aliurudisha jioni ileile, kabla ya ofisi kufagiwa. Hakuurudisha.

"Nitaipeleka kesho kutwa," alimwambia mkewe.

Jumapili yote aliyapanga maneno. Kila alivyoyapanga yalimfikisha pabaya. Rwakabuba angeuliza muhuri ulitokaje ofisini. Mkimbizi aliyeajiriwa kwa barua ya mwaka mmoja mmoja hafukuzwi, barua yake haiandikwi tena tu. Na paredi je? Mtu aliyesema "ukweli unatokaka" angesimama wapi?

Jumatatu alifika shuleni kabla ya watu wote. Akaenda moja kwa moja nyuma ya majengo, akaingia choo cha wavulana, akaudondosha muhuri shimoni. Akasikia ulivyotua. Kisha akatoka, akanawa mikono kwa muda mrefu. Basi maneno ambayo mtoto aliyatunga ili fimbo ikome yakawa kweli, na aliyeyafanya kweli ni yeye mwalimu.

"Ulirudisha?" Goretti alimuuliza jioni.

"Nilirudisha."

Mwezi uliofuata muhuri mpya uliletwa kutoka mjini Mbarara na habari zake zikafika mpaka kanisani. Goretti alisikia kama wengine. Hakumuuliza mumewe tena. Aliacha tu kulishona lile koti. Likichanika, Nkusi alilishona mwenyewe.

Olga alikuwa bado anakuja shule wakati huo. Alikaa benchi la pili. Watoto walishampa jina, Kashe, na jina hilo lilimfuata bombani na njiani. Bibi yake, mwanamke aliyemcha Mungu, alimsimamisha kanisani atubu mbele ya watu. Mtoto akatubu kosa lisilo lake, macho chini, na Nkusi alikuwa ameketi safu ya wanaume, kitabu cha nyimbo mkononi. Muhula wa tatu ulipofika katikati, Olga hakuonekana tena. Nkusi alichukua kalamu nyekundu akapitisha mstari juu ya jina lake katika daftari la mahudhurio.

Mtu angedhani aibu ingempunguzia mkono. Ilimwongezea. Miaka iliyofuata alichapa kuliko mwanzo, na zaidi ya wote aliwachapa waliosema "sikufanya". Neno hilo hakuweza kulivumilia.

Mwaka 2012 shule ikamteua kwenda Mbarara, mafunzo ya siku tatu kuhusu kulea nidhamu bila viboko. Rwakabuba alimchagua kwa sababu, alisema, yeye ndiye mwenye nidhamu. Walimu arobaini waliketi kwenye ukumbi wa viti vya plastiki, wengine wametoka kambi ya Oruchinga, na wengi walikuja kwa ubishi. Mmoja akauliza, "Darasa la watoto tisini, bila fimbo? Wewe mwenyewe umeshafundisha tisini?" Ukumbi ukacheka.

Mkufunzi, mwanamke wa makamo aitwaye Kyomugisha, alicheka nao. "Nimefundisha mia na kumi," alisema. "Nilipiga miaka tisa. Sikuja hapa kwa sababu mimi ni mtakatifu."

Kisha akawapa kila mmoja karatasi. Waandike jina la mtoto mmoja waliyemwadhibu, kosa lake, na mahali alipo leo. Hatazisoma, alisema, wala hatazikusanya. Kalamu zikaanza kukwaruza. Nkusi aliandika: Olga Munezero. Kwenye kosa, kalamu ikasimama. Hakuwa na cha kuandika. Kwenye mahali alipo leo, hakujua. Akaitazama karatasi ile yenye jina peke yake mpaka jirani yake akamwuliza kama anaumwa. Siku mbili zilizobaki alisikiliza kwa namna ambayo hakuwahi kusikiliza tangu awe mwalimu: jinsi ya kumuuliza mtoto kabla ya kumhukumu, jinsi ya kutunga sheria za darasa pamoja na wenyewe, jinsi ya kumsifu aliyefanya vema kwa kutaja alichofanya. Kila jambo jema alilosikia lilimwingia kama mwiba, kwa kuwa aliliona likipita karibu na benchi la pili na kumkosa aliyeketi pale.

Alipofika nyumbani alimwambia mkewe, "Mama Pacifique, ile kashe sikuirudisha."

Goretti alikuwa akichambua maharage. Hakuinua uso. "Najua," alisema. "Na ule mtoto iko Biharwe, anauzisha maziwa ku barabara ya Masaka. Njo niko namununulia nikienda Mbarara. Miaka sita niko nangojea uniulize."

Nkusi alimkuta Olga huko Biharwe, kwenye duka dogo lenye tangi la maziwa la chuma. Alikuwa mwanamke sasa, kilemba kichwani, na aproni nyeupe.

"Lita ngapi, mzee?" aliuliza. Halafu akamtambua. "Mwalimu."

Nkusi alikuwa ameyapanga maneno njiani, na yote yakampotea. "Olga, ile kashe ilikuwa mu koti yangu."

Akamweleza yote, bitana, Jumapili, choo. Mteja akaingia katikati ya maneno. Olga akampimia maziwa yake, akapokea pesa, akamuaga vizuri. Kisha akarudi kusimama mbele ya Nkusi.

"Uliiona siku gani?"

"Nyuma ya majuma tatu kupita."

"Nilikuwa nikingali mu masomo."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakaa banchi ya pili. Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona," alisema Nkusi.

Olga akaegemea tangi. "Bibi yangu alikufa mwaka jana," alisema. "Kila asubui alikuwa anamuomba Mungu anisamehe ile kashe. Nilimwambia mara mingi sikuikamata. Akasema, mtoto wangu, we mwenyewe ulikubali mbele ya bantu."

"Minakuomba musamaha."

"Usiniombe musamaha hapa. Hapa hakuna mutu ananiita mwizi. Enda kule ku paredi, fasi ulisemea ya kwanza."

Hakumwambia kama amemsamehe, na Nkusi hakuthubutu kuuliza.

Rwakabuba alipoelezwa alishika kichwa. "Hii mambo ya zamani, mwalimu. Wacha ilale. Utaharibu jina ya shule." Lakini Nkusi alishaomba nafasi ya dakika tano paredini, na safari hii hakuondoka mlangoni mpaka akapewa. Asubuhi ya Jumatatu akasimama palepale, akasimulia. Watoto wa mwaka ule hawakumjua Olga. Walimtazama kwa macho makubwa, wengine wakichekelea kwa kutojua la kufanya. Alipomaliza akawaambia mwenye swali aulize. Msichana mdogo wa darasa la pili akanyoosha mkono.

"Na we mwalimu, walikupiga fimbo ngapi?"

Hakuna aliyecheka. "Hata moja," alisema Nkusi.

Alivuliwa kazi ya nidhamu na akapewa barua ya onyo. Ajira haikukatwa, jambo lililomuumiza zaidi, kwa kuwa hofu iliyomfanya amtoe mtoto kafara ilikuwa hofu ya kitu ambacho hakikutokea. Akabaki na darasa lake la tano na kuanza upya kama mwalimu mgeni. Muhula wa kwanza bila fimbo ulikuwa soko. Walimu wenzake walichungulia dirishani wakatikisa kichwa. Sheria ambazo watoto walizitunga wenyewe zilivunjwa na watunzi wake kabla ya mapumziko. Siku moja alijikuta ameinua mkono juu ya mvulana aliyesema "sikufanya, mwalimu", akaushusha, akatoka nje akasimama kando ya ukuta. Aliporudi akamwuliza yule mvulana, kwa sauti ya kawaida, nini kilitokea. Mvulana akaeleza. Kweli hakuwa amefanya. Polepole akajua mambo ambayo miaka kumi langoni hayakumfikia: kwamba nusu ya waliochelewa walitumwa foleni ya maji kabla ya shule, kwamba msinziaji wa nyuma alilala njaa.

Kanisani alisimama pia, Jumapili iliyofuata, mbele ya watu walewale waliomsikia Olga akitubu. Lakini wengi walishahama, wengine walikuwa hawaji tena. Ndipo akaanza kwenda nyumba kwa nyumba, kwa majirani wa marehemu Nyirabizimana, kila Jumamosi baada ya shamba.

Kilichomshangaza ni kwamba watu walikuwa wamesahau. Mama mmoja alimwambia muhuri gani, hakuna muhuri. Mwingine alidhani ni habari ya kadi za chakula. Mzee Kalume, aliyekuwa mlango wa pili kutoka kwa yule bibi, alimsikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda, mkono sikioni.

"Kashe?" alisema mzee. "Mimi sikumbuke kashe yoyote."

"Ile ya shule, mzee. Ya Olga, mujukuu wa Nyirabizimana."

Uso wa mzee ukafunguka. "Aa, ule mutoto! Ule mwizi?"

Nkusi akaomba mahali pa kukaa. Akaletewa debe, akaketi, akaanza kumweleza mzee tena, tangu Ijumaa ile alipotia muhuri wa shule mfukoni mwa koti lake.